Ndugu yetu wa maombi anabeti na madeni yamemzidi: nimfuate mwenyewe au nipeleke kwa wazee?

fundi_wa_kizota

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Niko Dodoma, ni fundi wa umeme wa majumbani. Naomba ushauri wa watu ambao jambo hili limewahi kuwafika, maana "tuombe tu" nimeshaambiwa na wengi.

Tuko wanaume watatu wa kanisa moja. Kila Alhamisi jioni tukitoka kazini tunakutana kwenye banda langu, tunasoma Neno, halafu tunaulizana. Hilo la kuulizana ndilo lililotukutanisha, kwa sababu maombi ya jumla tunayapata kanisani. Tulikubaliana maswali yawe yale yale kwa wote: nyumbani kukoje, pesa unaipataje na inaenda wapi, usiku simu yako unaifungulia nini, na kuna jambo gani usingependa tulijue. Anayeulizwa anajibu. Wengine hatucheki wala hatumhubirii.

Sasa mmoja wetu, ambaye ndiye mkubwa kwetu kwa umri na ni mwalimu wa Shule ya Jumapili, kwa muda sasa anajibu "namshukuru Mungu, kuko shwari". Hakuko shwari. Alinikopa laki na nusu akasema ni ada ya mtoto. Baadaye nikamkuta mtoto huyo huyo mtaani siku ya masomo, akaniambia wamerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada. Alhamisi moja simu yake ilikuwa mezani inachaji, ukaingia ujumbe wa mkeka wa kubeti, ukafuata mwingine, na mwingine. Sikuishika simu, niliona tu kilichojitokeza kwenye kioo. Juzi ndiyo walipita vijana wawili wa kausha damu, wale wakopeshaji wa riba kubwa, wakimuulizia kwa jina. Mmoja akanionyesha kadi ya benki, akasema ni ya huyo ndugu, mshahara ukiingia wanaenda nayo kwenye mashine wenyewe.

Mkewe hajui. Nasema hivyo kwa sababu alimwambia mke wangu kwamba wanajibana wapate bati za kupaua nyumba.

Ndugu yetu wa tatu anataka tuweke ombi kwenye kundi la WhatsApp la wanaume wa kanisa, bila jina: "ndugu mmoja anapambana na kamari, tumbebe". Kundi lile lina watu wengi, na mpaka kesho yake asubuhi kila mtu atakuwa amejua ni nani. Nimemwomba asubiri.

Nimfuate peke yangu? Twende wawili? Au kwa kuwa yuko na watoto kila Jumapili, niende moja kwa moja kwa mzee wa kanisa? Mke wangu alipolazwa, huyu ndiye aliyekesha na mimi kwenye benchi la hospitali. Nampenda. Siwezi kukaa kimya halafu niendelee kumwita rafiki.

Msemakweli_Moro

Mzee wa kanisa, leo hii. Paulo alimwambia Timotheo wale wadumuo kutenda dhambi uwakemee mbele ya wote. Tukianza kubembelezana ndipo kanisa linapooza. Na laki na nusu yako idai, nayo ni sehemu ya kumfundisha.

Mama_Kanyigo

Tumsifu Yesu Kristo, mwanangu.

Mimi ni wa Kagera, nimezaliwa kwenye nyumba ya watu wa uamsho, balokole, kama wanavyoitwa huku kwetu. Nililiona jambo hili likifanywa vizuri na nikaliona likiharibiwa, kwa hiyo nitaandika kirefu, univumilie.

Uamsho ule ulipata nguvu watu walipoanza kuambiana ukweli. Mwaka 1929 daktari Mwingereza, Joe Church, aliyekuwa kwenye misheni ya Gahini kule Rwanda, alifika Kampala amechoka mwili na roho. Akakutana na Simeoni Nsibambi pale Namirembe. Wakakaa na Biblia, wakaomba pamoja, Mganda na Mwingereza, kila mmoja akikiri kwamba ana upungufu. Uamsho ulipoenea kutoka Gahini kuingia Uganda, huku kwetu na Kenya, jambo lililowashangaza sana wazee wetu lilikuwa kumwona mzungu akisimama mbele ya Waafrika na kutubu kiburi chake juu yao. Zama zile mzungu ndiye aliyeuliza na Mwafrika ndiye aliyejibu. Kwenye ushirika kila mtu aliulizwa. Askofu wetu Josiah Kibira, aliyekuja kuchaguliwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani mwaka 1977, alikuwa mtu wa uamsho huo huo, na cheo hakikumtoa mtu kwenye mkeka wa ushirika. Kwa hiyo hayo maswali yenu ya Alhamisi nayapenda, hasa hilo la kwamba wote mnaulizwa sawa. Yashikeni.

Nikueleze lililotokea nyumbani. Baba yangu aliuza kahawa kwa butura. Kwa wasiojua, butura ni kumuuzia mtu kahawa yako ingali maua mtini, kwa bei ya kukunyonga, kwa sababu una shida ya pesa leo. Alimficha mama. Ndugu mmoja wa ushirika akahisi. Hakuleta habari kwenye ushirika. Alikuja jioni, peke yake, akamwomba baba watembee kibanjani, mbali na masikio yetu watoto. Mama alikuja kutuhadithia baadaye, kwa ruhusa ya baba mwenyewe. Yule ndugu alianza na habari zake: hofu aliyokuwa nayo msimu ule, na jinsi alivyomjibu vibaya mkewe kwa sababu ya hofu hiyo. Ndipo akauliza, "Ndugu, ile kahawa ya upande wa bondeni bado ni yako?"

Baba hakujibu. Yule mtu hakumsukuma, wala hakumfungulia mistari. Aliomba, akaenda zake, kesho yake jioni akarudi. Siku hiyo baba alisema yote.

Kilichofuata ndicho watu wengi wanakiacha siku hizi. Alimwambia baba, "Mama wa watoto utamwambia wewe, mimi nitakaa nje barazani." Baba akamwambia mama. Kisha wakaenda wote wawili kwa mnunuzi kuongea naye, akakubali kurudishiwa pesa yake kidogo kidogo, na ndugu za ushirika wakaja siku za kuchuma ili baba asiajiri vibarua. Mambo yalipokaa sawa ndipo baba aliposimama kwenye ushirika akashuhudia, na watu wakaimba Tukutendereza. Aliyachagua maneno yake mwenyewe, kwa wakati wake.

Sasa lile lililoharibiwa. Kuna wakati kutubu kuligeuka kuwa ada ya kila wiki. Asiye na la kutubu alitazamwa kama mnafiki, kwa hiyo watu wakawa wanatafuta dhambi za kuleta. Mwanaume mmoja alisimama akaungama tamaa aliyokuwa nayo juu ya mke wa jirani, akamtaja, na yule mama alikuwa amekaa pale pale, hajui lolote. Hakurudi tena ushirikani. Mwanaume alirudi nyumbani amepata amani, na mama wa watu akabaki ndiye anayesemwa njiani. Tangu hapo marehemu baba alikuwa akituambia: ungama la kwako, jina la mwenzako liache kinywani.

Na kule Uganda walitokea Abazukufu, waliojitenga na ndugu wengine kwa kutaka ukali zaidi, mpaka kukopa kwenyewe wakakuhesabu kuwa dhambi. Najua walitaka utakatifu. Lakini fikiria mtu mwenye deni aliyekaa katikati ya watu wa namna hiyo, atalisema wapi?

Kwa hiyo mwanangu: nenda peke yako. Mathayo 18 imeanzia hapo, "wewe na yeye peke yenu", na mwisho wa hatua ile ya kwanza ni kumpata nduguyo. Usingoje Alhamisi, maana mbele ya mtu wa tatu atajilinda. Anza na la kwako, la kweli, hata kama ni dogo. Halafu umwambie wazi ulichoona: mtoto mtaani, ujumbe kwenye simu, vijana wenye kadi. Usimtege kwa kumuuliza unachokijua ili uone kama atadanganya. Mtego si upendo, na akishajua ulimtega hatakuamini tena. Ile laki na nusu usiitaje kabisa siku hiyo. Na ombi la WhatsApp lisilo na jina ni umbea, hata likianza na "wapendwa".

Mmethodisti_Meru

Pole ndugu. Mama amenifunza leo. Naongeza jambo moja kutoka historia ya kanisa letu, kwa sababu linahusu deni na kuulizana kwa pamoja.

Mwaka 1742 Wamethodisti wa Bristol, Uingereza, walikuwa na deni la jengo lao la ibada. John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, akakaa na watu kutafuta namna ya kulilipa. Kapteni mmoja, Foy, akapendekeza kila mshirika atoe peni moja kwa wiki. Mtu akasema wengi ni maskini, hawawezi. Foy akajibu wampe yeye maskini kumi na mmoja, atawazungukia kila wiki, na asiyeweza kutoa yeye atamlipia. Wengine wakakubali kufanya vivyo hivyo, kila kiongozi na watu wake. Walipoanza kupita nyumba kwa nyumba kukusanya hizo peni, wakagundua mambo ambayo ibada ya Jumapili haikuonyesha: huyu analewa, yule amepigana na mkewe. Basi kazi ya kukusanya pesa ikawa kazi ya kuchunga watu. Yale makundi madogo ya Wamethodisti yalianzia pale.

Kwangu mimi uzito wa hadithi uko kwa Foy. Aliyepewa haki ya kubisha mlango na kuuliza ndiye aliyeahidi kumlipia asiye nacho. Kwa hivyo ukienda kumuuliza ndugu yako kuhusu deni, uende ukijua kuna sehemu ya deni itakuangukia wewe. Sisemi umpe pesa mkononi. Mtu anayebeti ukimpa pesa taslimu umemwongezea mkeka. Lipeni ada shuleni, nyinyi wawili mkichangishana, na risiti apewe mama ya mtoto.

Nuru_Ilala

Nimesoma yote na machozi yamenitoka, kwa sababu mimi nilikuwa ndiye huyo mke.

Mama Kanyigo shikamoo, nakuheshimu, na nakubali mume aseme mwenyewe. Lakini baba yako alikuwa na kahawa bondeni na mnunuzi mmoja. Hawa wa sasa wana simu. Ndani ya usiku mmoja anakopa kwenye programu tatu, anabeti zote, na asubuhi anakwambia kwaheri anaenda kazini. Mume wangu alikuwa na marafiki zake wa maombi, wazuri tu, waliojua. Walikuwa wanamfuata kwa upole, wanamwombea, wanampa muda. Muda huo walikuwa wanamkatia kwangu. Siku watu walipokuja kubeba friji na cherehani yangu, nilikuwa mtu wa mwisho kujua kwenye kanisa zima. Cherehani ndiyo iliyokuwa inalisha watoto.

Kaka, mpe muda wa kumwambia mkewe, lakini mtaje siku. Mwambie, "Kufikia Jumapili awe amejua, na mimi nitakuwa karibu." Akikataa, mwambie waziwazi kwamba wewe na mkeo mtaenda. Usifanye kwa kumficha. Wenye kadi wanangoja mshahara, wewe usiungoje.

Na mkikaa naye, andikeni kwenye karatasi kila anayemdai: kausha damu, mikopo ya simu, kikoba, wenzake kazini, duka la mtaani. Atawataja nusu mara ya kwanza, kwa sababu ya aibu. Rudieni. Wale wa kausha damu muangalie kama wana leseni, maana tangu sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018 mkopeshaji anatakiwa awe nayo. Asiye nayo huwa ananyamaza haraka akiulizwa na watu wawili waliokaa vizuri na daftari.

Mama_Kanyigo

Marahaba mwanangu. Umenisahihisha na umesema kweli. Siku itajwe. Pole sana kwa cherehani.

Mch_Nyanda_za_Juu

Nami niseme kama mchungaji, hasa kwa ndugu yetu wa Morogoro. Mstari ule wa 1 Timotheo 5 unakuja mara baada ya Paulo kusema mashtaka juu ya mzee yasipokelewe ila kwa mashahidi wawili au watatu, na unamhusu adumuye katika dhambi. Huyu ndugu hajaonywa na mtu yeyote hata mara moja. Wagalatia 6 inasema arejezwe kwa roho ya upole, na anayemrejeza ajiangalie nafsi yake.

Lina maumivu kwangu hili, kwa hiyo nitalisema. Kwenye makanisa yetu tuna utaratibu wa kutenga mtu na kumrudisha kundini. Nimekaa kwenye huduma muda wa kutosha kuona ni nani anayepitishwa mbele ya usharika: binti aliyepata mimba. Yeye dhambi yake inaonekana. Mwanaume aliyempa mimba yuko kwenye kwaya, mwenye kubeti yuko kwenye kamati ya ujenzi, na anayempiga mkewe anakusanya sadaka. Tumeita hiyo nidhamu ya kanisa, na watu wameiogopa kiasi kwamba hakuna anayekuja kwa mchungaji kabla hajabambwa. Wanaume watatu kwenye banda la fundi, wanaoulizana pesa inaenda wapi, wanaifanya kazi ambayo baraza la wazee hatuifanyi.

Kuhusu Shule ya Jumapili, ni vyema apumzike, kwa kuwa ana vita ya kupigana na watoto wanahitaji mwalimu aliyetulia. Ila mwache aombe mwenyewe kupumzika. Akifanya hivyo, mzee wa kanisa atakuwa amejua kutoka kinywani mwake. Akikataa kabisa, na umeshaenda peke yako, na umeshaenda na mwenzako, hapo mlete kwetu. Na utuambie umempitisha hatua gani, tusije tukaanza upya kwa fimbo.

Msemakweli_Moro

Mchungaji nimekuelewa. Lile la mabinti ni kweli tupu, dada yangu alipita hapo. Fundi, nenda.

fundi_wa_kizota

Wapendwa, narudi na majibu. Nilikuwa nimenyamaza kwa sababu nilitaka kwanza nimwombe ruhusa ya kuandika. Ameruhusu, ili mradi asitambulike.

Nilimfuata mwenyewe, tukatembea kuelekea relini. Nilianza na jambo langu, ambalo sikuwahi kulisema Alhamisi, hapa sitaliandika. Alinisikiliza vizuri mno, kama kawaida yake. Nilipofika kwenye yale matatu niliyoyaona, akakana. Jumbe za simu ni matangazo, kila mtu anatumiwa. Vijana wale wamekosea mtu. Sikubishana. Nilimwambia, "Kaka, mimi sijaja kukukamata. Nakupenda, na kesho nitapita tena." Usiku huo sikupata usingizi.

Kesho yake sikuhitaji kupita. Alikuja yeye bandani kabla sijafungua, na daftari la mtoto mkononi. Alikuwa ameandika majina ya wanaomdai. Tulipojumlisha ilizidi milioni mbili. Dada Nuru, nilifanya ulivyosema, niliuliza mara ya pili na mara ya tatu, na orodha ikaongezeka kila mara. Aliniambia kitu kimoja kinaniuma mpaka sasa: kwamba kila Alhamisi alikuwa anakuja akiwa ameamua kusema, halafu anasikia sisi wawili tuko sawa, anaona atatuharibia.

Tulitaja siku. Alimwambia mkewe jana jioni, mimi na mke wangu tukiwa uani na watoto. Shemeji alilia, kisha akauliza za bati ziko wapi. Akajibiwa ukweli, kwamba hakuna hata shilingi. Hasira yake bado ipo na sidhani kama itaisha leo wala kesho. Hatukumwambia asamehe. Mke wangu analala naye huko leo.

Ada tumelipa shuleni, sisi wawili, na risiti anayo shemeji. Mimi na ndugu wa tatu tumepatana kwamba habari hii haitoki; alikubali kuhusu WhatsApp, na nilimweleza mambo kwa kina baada tu ya mwenyewe kusema sawa. Shule ya Jumapili ameomba kupumzika kwa mdomo wake. Programu za kubeti amezifuta mbele yetu, na ametuma maombi ya kufungiwa akaunti. Mshahara ujao atampa shemeji autunze, wamekubaliana wenyewe.

Kilichobaki ni ile kadi. Iko kwa wale vijana pamoja na namba ya siri. Mwisho wa mwezi uko karibu.

Nuru_Ilala

Mungu awatunze. Shemeji mwambieni asikae peke yake wiki hizi, na asisukumwe.

Kadi ni rahisi: kesho asubuhi aende tawini kwake na kitambulisho, aseme kadi haiko mikononi mwake, waifunge na wampe nyingine yenye namba mpya. Aende na wewe. Kisha siku hiyo hiyo, kabla hawajagundua, nendeni wote kwa hao vijana mkawaambie deni linatambuliwa, mtalipa kwa mafungu, na kila fungu liandikiwe risiti. Wakitishia, yule mwenye leseni anaogopa kulalamikiwa Benki Kuu, na asiye nayo anaogopa zaidi.

Na kaka, mlikagua laini ngapi za simu? Muulize kama ana laini ya pili. Wangu alikuwa nayo ndani ya kava, na alifuta kila kitu mbele yangu kwenye ile ya kwanza.

fundi_wa_kizota

Hatukuuliza. Namfuata sasa hivi.